Shangazi Asiyetazama Mpira

Habari ya kabati kila mtu hapa kituoni anaisimulia, na kila mtu anaisimulia vibaya. Watangazaji wanasema lilibebwa na watu sita. Wahasibu wanasema lilivutwa kwa kamba kupitia dirishani. Mlinzi wa getini, ambaye siku ile alikuwa anasinzia na kofia imemfunika pua, anasema eti Shangazi mwenyewe alishika upande mmoja. Uongo mtupu. Kabati lile nililitengeneza mimi kwa mikono hii, mbao ngumu, droo sitini, na siku ilipobidi lipande ngazi thelathini na nane, nililipandisha mimi peke yangu. Kaeni vizuri niwaeleze, maana safari hii inaandikwa, na ikishaandikwa mtaacha kunichosha.

Shangazi anastaafu tarehe thelathini mwezi wa sita, baada ya miaka thelathini na sita katika chumba cha kanda za michezo cha kituo chetu cha televisheni. Wakurugenzi saba wamekuja wakaondoka, na kila mmoja aliapa kwamba ataleta feni mpya kwenye chumba kile. Feni ni ileile. Mimi, fundi seremala wa kituo, niliingia mwaka mmoja kabla yake, kwa hiyo kikazi yeye ni mdogo wangu, na jambo hilo nimemkumbusha kila asubuhi. Uongozi ulipouliza nani aandike wasifu wake, wasomi watatu walijitokeza na kalamu zao mfukoni. Yeye akasema, "Aandike Fundi. Atadanganya, lakini hatanichosha." Shule mimi niliiona kwa nje, nikiezeka paa lake. Ila macho ninayo, na niliyoyaona kwa mwanamke huyu hata leo sijui niyaweke wapi.

Alikuja kama mpiga chapa. Wiki ya pili wakampeleka chumba cha kanda kwa sababu aliyekuwepo alikuwa ameondoka bila kuaga, na ukiingia mle ndani ulimwelewa. Kanda zilikuwa zimepangwa kama kuni. Moja imeandikwa "Mpira". Nyingine "Mpira mwingine". Nyingine "Mpira wa juzi", na hiyo juzi yenyewe ilikuwa na miaka tisa. Mtangazaji akitaka bao fulani, watu wanne walikuwa wanakaa siku mbili wakitazama kanda moja moja, na mara nyingi walirudi na mashindano ya kuogelea.

Shangazi akaomba vitu viwili tu: kadi nyingi na kabati la kuziweka. Kadi akapewa na ofisi. Kabati akapewa na mimi, na sisemi kwa kujisifu, lakini halijawahi kutengenezwa kabati kama lile. Tetemeko likija, jengo litaanguka, kabati litabaki limesimama linashangaa.

Sasa sikilizeni namna yake ya kazi, maana hapo ndipo penyewe. Kila kanda aliitazama mara mbili. Mara ya kwanza kama watu wote: nani kafunga, dakika ya ngapi, nani kapewa kadi nyekundu, nani kashinda mbio. Anaandika. Mara ya pili anazima sauti, anavuta kiti nyuma kidogo, na hautazami mpira kabisa. Nilimuuliza siku moja, nikiwa juu ya ngazi napachika rafu.

"Dada, mbona unatazama pembeni? Mpira uko kule."

"Mpira unatazamwa na watu elfu arobaini, kaka. Hawa wengine nani anawatazama?"

Ndivyo alivyoandika. Kipa wa upande wa pili anavyojikunja kwa baridi wakati wenzake wanashangilia. Mama aliyesimama jukwaani na mwavuli uliovunjika. Beki anayefunga kamba ya kiatu. Ndege aliyetua juu ya goli dakika ya hamsini na mbili akaondoka dakika ya hamsini na tano. Na droo zake hazikuwa za timu wala za miaka kama ungetegemea. Zilikuwa na majina ya vitu: Mvua. Machozi. Viatu. Vibendera. Watoto begani. Wanaochelewa kukaa. Wasomi wanaita faharasa. Mimi naita kujua kila kitu kilipo duniani.

Binti yake mkubwa alipokuwa mdogo aliulizwa darasani mama yake anafanya kazi gani. Akajibu, "Anatazama watu wasiokuwa na mpira." Mwalimu akamwita mzazi kwa mazungumzo. Alikwenda mumewe, fundi baiskeli, mtu mpole, akathibitisha kwamba mtoto hajakosea hata neno.

Na mimi nimo kwenye kadi zile. Mwaka wa mashindano ya riadha nilipanda ngazi kurekebisha ubao wa matokeo, ngazi ikateleza. Kadi inasema: "Fundi aanguka kutoka kwenye ngazi. Hakuumia. Suruali imeumia." Kila sherehe ya mwisho wa mwaka kanda hiyo inaombwa, na kila mwaka Shangazi anaitoa ndani ya sekunde kumi, huku amekaza uso kama hakimu.

Basi miaka ikaenda, kadi zikafika elfu arobaini na moja. Ndipo, miaka minne iliyopita, ikaja mashine.

Iliingia na makasha kumi na saba, ikajaza ukumbi mzima wa chini, na nyuma yake akaingia Mhandisi, mtu mwenye kipara kinachong'aa na sauti ya taratibu. Alikuja kuziingiza kanda zote za michezo kwenye kompyuta ili mtu aandike neno tu na picha zije. Na kweli zilikuja! Ukuta mzima wa vipicha vidogo, kama vigae vya bafuni, na kila kigae kinacheza mechi yake. Unagusa kimoja, kinakua, kinafunguka. Chini yake kuna ukanda wa rangi: penye nyekundu watu wamepiga kelele, penye bluu wametulia, na ukisogeza kidole juu ya ukanda, mchezo unakwenda mbele na kurudi nyuma kama unavuta pazia. Nilisimama pale mdomo wazi. Nyundo ilinitoka mkononi ikaniangukia mguuni, na niliusikia mguu baadaye sana.

Mashine ilikuwa na akili, ila akili ya mgeni. Kupata mambo makubwa ya mechi ilisikiliza kelele. Kelele nyingi, bao. Wiki ya kwanza wakaiambia iteue bao bora la miaka kumi. Ikateua dakika arobaini za mvua juu ya paa la mabati la uwanja wa zamani, hakuna mchezaji hata mmoja, turubai tu limetandazwa. Shangazi alitazama hadi mwisho, akasema, "Hata hivyo ni mvua nzuri. Niliiandika."

Lakini mkurugenzi alikuwa ameshaamua. Nafasi inatakiwa, kadi hazina kazi tena, lori la kiwanda cha karatasi litakuja Jumatano saa tisa. Mimi nikaamriwa kulishusha kabati uani. Tulilishusha watu sita, tukitumia magogo. (Hao ndio watu sita wa watangazaji. Ni wa kushusha, si wa kupandisha. Mnaona mambo yanavyoharibiwa?) Na ili droo zisichomoke njiani, nikapigilia ubao mpana mbele yake, misumari arobaini. Mimi nikipigilia kitu, kimepigiliwa. Shangazi alisimama dirishani juu, anatutazama. Nilitamani aniite jina baya lolote.

Jumatano ileile, saa nne asubuhi, akaingia Mzee Kibendera.

Jina lake la kweli hakuna anayelikumbuka, na ndiyo ilikuwa taabu yake. Miaka ishirini na miwili kabla ya hapo alikuwa mshika kibendera kwenye fainali ya kombe. Dakika ya themanini na moja, mpira wa adhabu ukapigwa haraka, mshambuliaji akafunga, uwanja ukalipuka, na yeye akanyanyua kibendera: ameotea. Bao likakataliwa, kombe likaenda kwa wengine. Tangu siku hiyo, akiingia kwa kinyozi watu wananyanyua taulo. Akipita sokoni wauza nyanya wananyanyua vitambaa. Shemeji yake, kaka wa mkewe, hakumpa salamu tena. Na ushahidi haukuwepo, maana sekunde ile mpira unapigwa, mwongozaji wa matangazo alikuwa anatuonyesha kocha anavyotukana. Picha iliporudi uwanjani mpira ulikuwa tayari hewani, na hakuna aliyejua nani alikuwa amesimama wapi.

Alikaa kwenye kiti cha chumba cha kanda, kofia magotini.

"Shikamoo, mzee wangu," Shangazi akasema.

"Marahaba, binti yangu. Nimesikia mmeleta mashine inayoona kila kitu."

"Inajitahidi."

"Mimi macho yangu yana presha. Daktari anasema mwaka huu nitaona, mwakani sina hakika. Sitaki kuwaonyesha watu, watu nimeshawazoea. Nataka nione mimi. Zamani nilikuwa najua nilichoona. Sasa nimechekwa mpaka nimeanza kucheka nao, na sijui tena. Nataka nijue kama nilikuwa naona, kabla sijaacha kuona."

Mimi nikaweka nyundo chini.

Mhandisi akafanya kazi kwa moyo wake wote, sitamsingizia. Akaandika fainali, akaandika dakika, akaandika kibendera. Vigae vikaja vingi, lakini kila kimoja kilikuwa ni yule kocha anatukana, kwa karibu, kwa mbali, kwa pembeni. Mzee Kibendera alikuwa ameweka uso wake karibu na kioo kama mtu anayenusa. Saa saba Mhandisi akavua miwani, akasema, "Mzee, nisamehe. Haipo."

"Ipo," Shangazi akasema.

Wote tukageuka.

"Siku ile kibendera kilipanda na mimi niliandika. Nakumbuka mkono wangu unaandika. Na haikuwa kanda ya mechi, ilikuwa kanda nyingine. Ipi, sikumbuki. Kadi inakumbuka."

"Kadi ziko wapi?" akauliza Mzee Kibendera.

Tukatazama dirishani. Kabati lilikuwa katikati ya ua, na juu yake wingu jeusi limeshakaa, linasubiri ruhusa tu.

Najua mnachotaka kuuliza, kwa hiyo ngojeni nijibu. Kwa nini tusichomoe droo moja tu? Kwa sababu ya misumari arobaini ya fundi bora wa nchi hii. Kuing'oa kungenichukua saa nzima, na mvua isingengoja hata robo. Kwa nini tusiliingize chini? Makasha kumi na saba. Wale wenzangu watano? Walikuwa wametumwa uwanjani kufunga jukwaa. Mhandisi alikuwa na mgongo wa kukaa. Basi nikashuka, nikatema mate viganjani, nikalikumbatia kabati, na kwa ngazi za nyuma, moja baada ya moja, thelathini na nane, mimi huyu, peke yangu, bila kupumzika hata mara moja, nikalifikisha juu. Mvua ilianguka nyuma yangu kama mtu aliyekosa gari.

Nilipong'oa ubao, Shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye droo ya Vibendera. Kadi mia tatu na kitu. Akazipitia kwa kidole, moja moja. Kadi ya mia moja na ngapi sijui, akasimama. Akasoma kwa sauti:

"Kipindi cha Kazi za Watu. Mpaka chokaa wa uwanja, siku ya fainali. Amekaa juu ya ndoo, anakunywa chai. Nyuma yake, dakika ya themanini na moja, kibendera kinapanda. Beki wa kulia kafungukiwa na kamba ya kiatu."

Siku ya fainali, kumbe, kamera ndogo ilikuwa inamfuata huyo mpaka chokaa, mtu anayechora mistari ya uwanja, kwa kipindi ambacho hakikurushwa kamwe. Kanda ilikaa rafu ya mafundi na washonaji, haina alama ya michezo, na mashine haikuwahi kuiona. Hakuna binadamu aliyeitazama isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja hakuwa anamtazama mpaka chokaa, kwa sababu kwenye kanda ile mpaka chokaa ndiye alikuwa mpira.

Mhandisi akaiingiza kwenye kompyuta. Kigae kimoja kikajitokeza: mzee mmoja na kikombe chake cha bati. Ukitazama kikombe, ni chai. Ukitazama juu ya bega lake, ni ulimwengu mwingine. Mpiga adhabu yuko mbali kule, mdogo kama punje. Mstari wa mabeki umenyooka. Beki wa kulia, kamba ya kiatu inaning'inia, ndiye wa mwisho. Na mbele yake, kwa nusu mwili, mshambuliaji. Mguu unagusa mpira. Kibendera kinapanda.

Ameotea. Bwana wee, ameotea wazi, hata kuku angenyanyua kibendera!

Shangazi akamshika Mzee Kibendera mkono, akamwekea kidole juu ya ule ukanda wa rangi. "Sogeza mwenyewe, mzee."

Akasogeza. Kibendera kikapanda. Akarudisha, kikashuka. Akasogeza tena. Alifanya hivyo mara kumi na moja, uso karibu na kioo, yule kijana wa ndani ya picha ananyanyua mkono kila anapoambiwa, hachoki, hasiti. Halafu akaondoa kidole.

"Nilikuwa naona," akasema. Si kwetu. "Nilikuwa naona vizuri."

Nimeona mengi kwenye kazi hii. Nimeona makombe ya dhahabu yakipita mlangoni kwangu, nimejenga majukwaa ya marais. Sijaona kitu kikubwa kama kidole kile juu ya kioo kile. Mhandisi alitoka nje kufuta miwani, na miwani alikuwa ameiacha mezani.

Lori lilipofika saa tisa, nani alilirudisha? Mkurugenzi mwenyewe, na mvua ikimpiga. Aliambiwa, akapanda juu, akatazama mara mbili, akateremka uani. Shemeji yake Mzee Kibendera naye aliletwa wiki iliyofuata. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu, mikono nyuma, akatoa neno lake la kwanza kwa shemeji yake baada ya miaka ishirini na miwili. Alisema, "Kaotea mjinga yule." Wakaondoka pamoja.

Tangu hapo Mhandisi na Shangazi wamekaa meza moja miaka minne, kadi moja moja, wakiziingiza zote elfu arobaini na moja. Mhandisi mwenyewe amesema mbele ya wageni kwamba mashine yake ilikuwa inautazama mpira tu, mpaka Shangazi alipoifundisha adabu. Leo ukiandika "mvua", inakuletea mvua. Ukiandika "mama", wanakuja akina mama wote wa majukwaani, ukuta mzima, na miavuli yao. Watu wanaleta watoto wao wawaone babu zao wakiwa vijana wakishangilia mstari wa tano wa jukwaa. Hakuna kituo kingine chenye kitu kama hicho. Nasema hivyo bila kutembelea kituo kingine.

Shangazi, dada yangu mdogo kazini, kituo kizima kinakushukuru. Nenda ukapumzishe lile goti lako bovu. Mkitazama mechi nyumbani, muache shemeji autazame mpira wake kwa amani, usimvute shati kila dakika umwonyeshe ndege. Uishi miaka mingi, yenye afya na kicheko, na kila siku iwe na kitu pembeni cha kutazama. Mzee Kibendera atakuwepo kwenye sherehe. Haoni tena, lakini ameomba akae kiti cha mbele, na ukitajwa jina lako amesema tunyanyue vitambaa sote.

Limebaki jambo moja dogo. Juzi nilikwenda kwenye mashine, nikaandika "fundi", nitazame kama nimeandikwa vizuri. Ikaja kwanza ile ngazi na suruali. Halafu kikaja kigae nisichokijua. Kumbe hata kamera ya ulinzi ya uani aliiandikia kadi: "Ngazi za nyuma. Fundi apandisha kabati. Apumzika mara tisa. Mvua yaanza ngazi ya thelathini na moja." Nikagusa, kikafunguka. Nikasogeza kidole, nikarudisha, nikasogeza tena. Kwenye picha kuna watu wawili. Mimi niko juu, navuta na kulalamika. Upande wa chini, kule uzito wote unakolala, kuna mwanamke aliyevua viatu, goti bovu limefungwa kitambaa, anasukuma kwa bega.

Ameandika kila mtu asiye na mpira kwa miaka thelathini na sita, na mmoja tu kamruka. Nimemwomba Mhandisi anionyeshe pa kuandika. Nimeongeza kwa kidole kimoja, herufi moja moja: "Upande wa chini, Shangazi."

Kwa hiyo ile ya peke yangu niliitunga. Mlinzi, nisamehe. Hukuwa umesinzia.